Mtumiaji wa Saraka Akikataliwa Kuingia: Jinsi ya Kulitafuta Kosa Kwenye Seva na Kwenye Programu

Malalamiko huja yakiwa sentensi moja: "Siwezi kuingia." Anayelalamika hajui, wala si kazi yake kujua, kwamba kabla ya kumkataa seva ilijiuliza maswali matatu. La kwanza: je, ninamjua mtu huyu? La pili: je, nywila aliyoleta ni yake? La tatu: hata kama ni yeye, ana ruhusa ya kuingia hapa? Programu iliyo juu ya seva hiyo nayo huyauliza maswali hayohayo upya, mara nyingi kwa njia yake yenyewe isiyopita kabisa pale seva ilipopita.

Wengi wetu hupoteza saa nzima kwa kuanzia swali la pili. Tunambadilishia mtu nywila, anajaribu, anakataliwa, tunambadilishia tena. Kumbe seva haimjui hata kwa jina. Kwa hiyo mwongozo huu unayafuata maswali hayo kwa mpangilio wake, na sharti ni moja: usivuke kwenda swali linalofuata kabla hili hujalijibu kwa amri na majibu yake. Kudhani hakuhesabiki.

Saraka ni hifadhi kuu ya majina, nywila na makundi ya watumiaji. Mifano ni ya seva ya Linux inayotumia SSSD (huduma inayoiunganisha Linux na saraka) kuzungumza na saraka ya LDAP (itifaki ya kuiuliza saraka) au Active Directory (saraka ya Microsoft). Kikoa cha mfano ni mfano.test, seva ya saraka ni saraka.mfano.test, na mtumiaji wetu ni asha. Amri nyingi zinahitaji uwe root.

Kabla hujagusa kitu

Fungua terminali mbili ukiwa root, moja iache wazi mpaka umalize kazi yote. Kosa la mstari mmoja kwenye faili za PAM (mfumo wa Linux unaoamua nani aingie) linaweza kumfungia nje kila mtu, na wewe mwenyewe ukiwemo. Lakini aliyekwisha kuingia haulizwi tena. Hakikisha pia kuna angalau akaunti moja ya ndani, iliyoandikwa kwenye /etc/passwd yenyewe, ambayo haitegemei saraka. Na kila faili utakalolibadilisha, linakili kwanza.

Kisha mhoji mlalamikaji. Ni yeye peke yake au na wenzake? Ni seva hii tu au zote? Jana aliingia? Wote wakikwama kwenye seva zote, tazama saraka au mtandao. Wote wakikwama kwenye seva moja, tatizo liko ndani ya seva hiyo. Mtu mmoja akikwama kila mahali, akaunti yake ina kasoro. Mtu mmoja kwenye seva moja ndiye mwenye kesi ngumu, na mara nyingi chanzo ni ruhusa, folda yake ya nyumbani au taarifa za zamani zilizobaki kwenye kashe, yaani akiba ya majibu ambayo SSSD hujiwekea. Maswali haya ya dakika mbili hupunguza kazi zaidi ya amri yoyote iliyomo humu.

Kitu kingine cha kutazama mapema, kwa kuwa hakichukui muda, ni saa:

```
timedatectl
```

Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho ambao Active Directory huutumia, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya seva mbili. Saa ikiteleza, nywila sahihi itakataliwa na hakuna mtu atakayefikiria saa.

Swali la kwanza: je, seva inamjua?

```
getent passwd asha
id asha
```

Amri ya kwanza ikileta mstari wenye jina, namba ya UID, folda ya nyumbani na sheli, seva inamjua. Isipoleta chochote, usiguse nywila. Tatizo liko hapa.

Watu hukosea namna ya kupima. Wengine huandika `getent passwd` bila jina, wasione watumiaji wa saraka, wakahitimisha kuwa saraka imekatika. SSSD kwa chaguo-msingi haiorodheshi watumiaji wote. Humjibu anayeuliza jina mahususi tu. Wengine wameiunganisha seva na Active Directory kwa amri ya `realm join`, ambayo huweka `use_fully_qualified_names = True`. Hapo `asha` hayupo, ila `asha@mfano.test` yupo. Jaribu majina yote mawili.

Mtego mkubwa zaidi ni kashe. Niliwahi kuhangaika na faili za PAM mchana kutwa, nikiwa na hakika kwamba saraka iko sawa kwa sababu `id` ilikuwa ikijibu vizuri. Kumbe poti ya saraka ilikuwa imezibwa na ukuta wa moto tangu asubuhi, na SSSD ilikuwa ikinijibu kutoka kwenye akiba yake. Tangu siku hiyo siiamini `id` kabla ya kuuliza hivi:

```
sssctl domain-status mfano.test
```

Jibu linakuambia kikoa kiko mtandaoni au la, na seva ipi ya saraka inatumika. Ukitaka taarifa za mtu mmoja ziletwe upya, `sss_cache -u asha` huzitia alama kuwa zimepitwa na wakati. Haizifuti. Saraka isipopatikana, SSSD itaendelea kukupa zilezile za zamani.

Ikiwa getent haijibu, anzia karibu kisha sogea mbali. Fungua /etc/nsswitch.conf uone kama mistari ya `passwd` na `group` ina neno `sss`. Kama halimo, mfumo hauulizi SSSD kabisa. Kisha:

```
systemctl status sssd
sssctl config-check
ls -l /etc/sssd/sssd.conf
```

Faili hilo kwa desturi linatakiwa kumilikiwa na root na kuwa na ruhusa 0600. Mtu akilihariri kisha akalirudisha kutoka kwenye nakala yenye ruhusa pana, SSSD inaweza kugoma kuwaka, na mstari unaoeleza sababu utauona kwenye `journalctl -u sssd`. Kama nscd (huduma nyingine ya kashe) nayo inaendeshwa kwenye seva hiyohiyo, izime isitunze watumiaji na makundi. Kashe mbili juu ya kitu kimoja huzaa majibu yanayopingana.

SSSD ikiwa hai, toka nje ya seva. Jina linapatikana? Njia iko wazi?

```
dig +short SRV _ldap._tcp.mfano.test
nc -vz saraka.mfano.test 389
nc -vz saraka.mfano.test 636
```

Poti 389 ni ya LDAP ya kawaida, ambayo inaweza kupanda kuwa salama kwa StartTLS. 636 ni ya LDAPS, yaani LDAP iliyosimbwa tangu mwanzo. Kerberos hutumia 88, na 464 kwa kubadilisha nywila. Active Directory ina pia 3268 na 3269 za orodha ya jumla ya msitu mzima (vikoa vyote vilivyounganishwa pamoja). Ukuta wa moto unaofungua 389 na kusahau 88 hutoa dalili ya kuchekesha: mtu anajulikana kabisa, ila hakuna anayeingia.

Vyeti, mahali ambapo wengi hukata tamaa

Poti zikiwa wazi na mazungumzo bado hayaendi, shuku cheti.

```
openssl s_client -connect saraka.mfano.test:636 -showcerts </dev/null
openssl s_client -starttls ldap -connect saraka.mfano.test:389 </dev/null
```

Tafuta mstari wa `Verify return code`. Ukisoma `0 (ok)`, mnyororo wa vyeti unaaminika. Vinginevyo kuna mambo matatu ya kawaida. Cheti kimekwisha muda. Tarehe zake utaziona ukikipitisha kwenye `openssl x509 -noout -dates`. Au cheti cha mamlaka iliyokisaini hakimo kwenye seva yako. Au jina halilingani: cheti kimeandikwa saraka.mfano.test, wewe kwenye mpangilio umeandika namba ya IP au jina fupi. Hili la tatu `s_client` haitalilalamikia usipoiambia ilipime, kwa hiyo ongeza `-verify_hostname saraka.mfano.test`.

Utakutana na ushauri wa kuweka `ldap_tls_reqcert = never`. Unafanya kazi, na ndiyo ubaya wake. Ukiuweka, seva yako itampa nywila za watu yeyote atakayejifanya saraka. Utumie kwa dakika moja kuthibitisha kwamba kosa ni la cheti, tena kwa akaunti ya majaribio, kisha uondoe na ushughulikie cheti chenyewe.

Sasa iulize saraka moja kwa moja, bila SSSD:

```
ldapsearch -x -ZZ -H ldap://saraka.mfano.test \
  -D "cn=msomaji,ou=huduma,dc=mfano,dc=test" -W \
  -b "dc=mfano,dc=test" "(uid=asha)"
```

`-ZZ` maana yake ni kwamba StartTLS ikishindikana, amri isiendelee. Kumbuka ldapsearch husoma ldap.conf (kwenye /etc/openldap au /etc/ldap kutegemea mfumo), ilhali SSSD huenda imeelekezwa faili jingine la cheti kwa `ldap_tls_cacert`. Kwa hiyo ldapsearch kufaulu hakujathibitisha kwamba SSSD nayo itafaulu. Linganisha njia za faili hizo mbili.

Namba inayorudi ndiyo inayozungumza. 49 ni utambulisho uliokataliwa, yaani nywila ya akaunti ya msomaji au DN yake (anwani yake kamili ndani ya saraka) ina kosa. 32 ni kitu kisichokuwepo: umeandika tawi vibaya. Lakini angalia, OpenLDAP inaweza pia kutoa 32 kwa mtu asiye na haki ya kuliona tawi hilo, ili asijue hata kama lipo. Majibu ya 0 yasiyo na mtu ndani yake yanamaanisha swali lilieleweka ila hakuna aliyelingana nalo; kwenye Active Directory jina la kuingilia kwa kawaida liko kwenye `sAMAccountName`, kwa hiyo `(uid=asha)` itarudi mikono mitupu.

Ikiwa ldapsearch inamwona Asha lakini getent haimwoni, soma sifa zake. Ana `uidNumber` na `gidNumber`? Ukiwa umeweka `ldap_id_mapping = false` juu ya Active Directory, mtu asiye na namba hizo hawi mtumiaji wa Linux, basi. Msimamizi aliyemwongeza kwa dirisha la kawaida la Windows hakuzijaza, wala hakuambiwa kwamba zinahitajika.

Na kama `id` inamwonyesha Asha lakini makundi yake hayapo, tazama `ldap_schema`. Mfumo wa rfc2307 huandika wanakundi kwa majina tu kwenye `memberUid`. Rfc2307bis huwaandika kwa DN kamili kwenye `member`. Ukichagua usiofanana na saraka yako, watu watakuwepo na makundi yatakuwa matupu. Liandike pembeni hili, maana litakurudia kwenye swali la tatu likiwa limevaa sura ya kukosa ruhusa.

Swali la pili: je, nywila ni yake?

Usipime kwa `su - asha` ukiwa root. Root haulizwi nywila, kwa hiyo hujapima kitu. Pima kwenye saraka kwanza:

```
ldapwhoami -x -ZZ -H ldap://saraka.mfano.test \
  -D "uid=asha,ou=watu,dc=mfano,dc=test" -W
```

Muache Asha aiandike nywila mwenyewe. Ikirudi DN yake, nywila ni sahihi na mjadala wa nywila umekwisha. Ikirudi 49 kutoka Active Directory, soma mpaka mwisho wa ujumbe. Kuna neno `data` likifuatwa na msimbo unaosema sababu halisi. 52e ni nywila mbaya. 525 ni mtumiaji asiyepatikana. 530 ni saa zisizoruhusiwa. 532 ni nywila iliyokwisha muda, 533 akaunti iliyozimwa, 701 akaunti iliyokwisha muda, 773 anatakiwa abadilishe nywila kwanza, na 775 akaunti imefungwa kwa kukosea mara nyingi. Nimeona watu wakibishana siku nzima na mtumiaji kwamba amesahau nywila, na 775 imeandikwa wazi kwenye logi waliyoifungua wenyewe.

OpenLDAP ni bahili zaidi: hukupa 49 tupu kwa makusudi, asiyekujua asijifunze kitu. Ukiongeza `-e ppolicy` kwenye amri, na saraka ikiwa inatumia sera ya nywila, unaweza kupata maelezo ya ziada. Au mtafute Asha kwa akaunti ya msimamizi ukiweka alama ya `+` mwishoni ili uone sifa za kiutendaji, kisha angalia kama ana `pwdAccountLockedTime`.

Nywila ikikubalika kwa ldapwhoami ila ikikataliwa na seva, jiulize kama SSSD inatumia LDAP bila usimbaji fiche. SSSD hukubali kutafuta majina kwenye njia iliyo wazi, lakini hukataa kupitisha nywila humo. Dalili yake ni kamili: `id` inafanya kazi kwa kila mtu, nywila hazifanyi kazi kwa mtu yeyote.

Kwa walio kwenye Kerberos, kipimo ni hiki:

```
kinit asha@MFANO.TEST
klist
```

Jina la eneo la Kerberos kwa desturi huandikwa kwa herufi kubwa, na herufi hizo zina maana. `Clock skew too great` ni saa. `Preauthentication failed` kwa kawaida ni nywila. `Cannot find KDC` (seva ya Kerberos haionekani) ni DNS au krb5.conf. `Client not found in Kerberos database` ni jina.

Kinit ikifaulu na seva ikaendelea kukataa, huenda mwenye tatizo la nywila ni seva yenyewe. Seva iliyojiunga na Active Directory ina akaunti yake na siri yake, iliyotunzwa kwenye /etc/krb5.keytab. SSSD ya upande wa AD hujaribu kuibadilisha siri hiyo inapofikisha siku 30, kwa msaada wa adcli. Sasa mtu akiirudisha mashine pepe kwenye picha yake (snapshot) ya miezi miwili iliyopita, seva inaamka na siri ya zamani ambayo saraka imeshaisahau. Pima:

```
klist -kt /etc/krb5.keytab
kinit -k 'SEVA1$@MFANO.TEST'
```

Ya pili ikikataa, usirekebishe faili moja moja. Iondoe seva kwenye kikoa na uiunganishe upya.

Swali la tatu: je, ana ruhusa?

Hapa dalili iko kwenye logi ya kuingia: /var/log/secure kwa jamii ya Red Hat, /var/log/auth.log kwa Debian na Ubuntu, au journalctl. Utaona kwanza kwamba uthibitisho umefaulu, kisha mstari wa namna hii:

```
pam_sss(sshd:account): Access denied for user asha: 6 (Permission denied)
```

Neno `account` ndani ya mabano ndilo la kusoma. PAM ina hatua zake: `auth` hupima nywila, `account` hupima ruhusa, `session` huandaa mazingira. Namba nazo zinasaidia: 7 ni uthibitisho ulioshindwa, 9 ni kwamba huduma ya uthibitisho haikufikika, 10 ni mtumiaji asiyejulikana (rudi swali la kwanza), na 4 ni hitilafu ya mfumo inayokupeleka kwenye logi za SSSD zenyewe.

Ukiona 6, anza na `access_provider` ndani ya sssd.conf. Ikiwa ni `simple`, tazama `simple_allow_groups` na uhakikishe kundi limeandikwa kama `id asha` inavyolionyesha, kwa jina kamili lenye kikoa kama ndivyo linavyotokea. Ikiwa ni `ldap` na mpangilio ni wa kichujio, lakini hakuna aliyeandika `ldap_access_filter`, kila mtu hukataliwa. Ndivyo ilivyoundwa; haifunguki kwa kusahau. Ikiwa ni `ad`, kumbuka sera za vikundi za Windows nazo husomwa na SSSD, na matoleo ya sasa huzitekeleza kwa chaguo-msingi. Sera iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta za mezani inaweza kumkataza mtu kuingia kwenye Linux bila aliyeiandika kujua.

Kipimo kinachojumuisha yote haya bila kuingia kweli:

```
sssctl user-checks asha -a acct -s sshd
```

SSSD ikisema ni sawa, anayekataa ni mwingine. SSH ina `AllowUsers` na `AllowGroups` zake. Usizisome kwa macho kwenye faili, kwani vipengele vya `Match` hudanganya. Iulize sshd itakachofanya kwa mtu huyu:

```
sshd -T -C user=asha,host=seva1,addr=192.0.2.10 | grep -iE 'allow|deny|usepam|password'
```

`UsePAM` ikiwa `no`, hatua zote za juu zimerukwa. Tazama pia /etc/security/access.conf, na kama kuna faili linaloitwa /etc/nologin lililosahaulika baada ya matengenezo.

Kuna jambo la kiusalama ambalo halina mlalamikaji, ndiyo maana halijulikani. Anayeingia kwa ufunguo wa SSH hapiti `auth` ya PAM, hupita `account` tu. Kama ruhusa yako haikagui hali ya akaunti, mtu aliyezimwa kwenye saraka ataendelea kuingia kwa ufunguo wake. Kwa LDAP, weka `expire` ndani ya `ldap_access_order` pamoja na `ldap_account_expire_policy` inayolingana na saraka yako.

Akikubaliwa na kutupwa nje papo hapo, ruhusa haihusiki. Soma sehemu mbili za mwisho za `getent passwd asha`. Sheli iliyotajwa ipo kwenye seva hii? Saraka ikisema /bin/zsh na zsh haijasakinishwa, hana pa kutua. Folda ya nyumbani ipo, ni yake? Kama haiundwi yenyewe, kwenye Red Hat 8 na kuendelea:

```
authselect select sssd with-mkhomedir
systemctl enable --now oddjobd
```

Angalia: amri ya kwanza huandika wasifu upya, kwa hiyo taja na vipengele vingine ulivyokuwa navyo; `authselect current` itakuonyesha. Kwenye Debian na Ubuntu ni `pam-auth-update`, ukiweka alama kwenye kuunda folda za nyumbani.

Umemwongeza Asha kwenye kundi na bado hawezi? Makundi hupewa mtu anapoingia. Mwambie aendeshe `id` bila jina, wewe uendeshe `id asha`. Zikitofautiana, atoke na aingie upya.

Logi zikinyamaza

`sssctl debug-level 6` hupandisha kiwango cha maelezo bila kuiwasha SSSD upya. Fuatilia faili la kikoa ndani ya /var/log/sssd wakati mtu anajaribu kuingia, kisha rudisha kiwango chini, maana faili hizo hunenepa haraka.

Kufuta kashe nzima (`sssctl cache-remove`) kuwe hatua ya mwisho, na kamwe usifanye hivyo saraka ikiwa haipatikani. Walio ndani ya akiba ndio pekee wanaoweza kuingia wakati huo, nawe utakuwa umewafuta.

Programu: maswali yaleyale, mlango mwingine

Tambua kwanza programu yako ni ya aina gani. Baadhi hutumia PAM, na hizo zimeshapimwa juu. Nyingi huzungumza na LDAP zenyewe, na kwa hizo hakuna ulichothibitisha mpaka sasa. Asha anaweza kuingia kwa SSH vizuri na wiki ya ndani ikamkatalia, bila kupingana.

Programu kama hizo kwa kawaida hufanya hivi: huingia kwa akaunti ya huduma, humtafuta Asha kwa kichujio, hupata DN yake, kisha hujaribu kuingia kwa DN hiyo na nywila aliyoiandika. Baadaye huangalia makundi. Toa kwenye mpangilio wa programu anwani, DN ya huduma, nywila yake, tawi la kuanzia na kichujio, uviweke vyote kwenye ldapsearch kama vilivyo, herufi kwa herufi. Na iendeshe palepale programu inapoishi. Kama iko ndani ya kontena, ingia kontena. DNS yake na vyeti vyake si vya seva mama. Programu ya Java huangalia ghala lake la vyeti, si la mfumo, kwa hiyo openssl inaweza kusema sawa na Java ikakataa. Kwenye seva yenye SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux unaobana programu), programu iliyo chini ya seva ya wavuti huzuiwa kufika LDAP mpaka umeruhusu:

```
setsebool -P httpd_can_connect_ldap on
```

Wote wakikataliwa na programu kwa pamoja, na SSH inafanya kazi, nywila ya akaunti ya huduma imekwisha muda au imebadilishwa. Karibu kila mara.

Baadhi tu wakikataliwa, tazama kichujio na tawi. Waliohamishiwa tawi jingine la saraka hutoweka. Waliomo kwenye kundi ndani ya kundi hawaonekani kwa `(memberOf=...)` ya kawaida, ila Active Directory hufuata mnyororo ukiandika hivi:

```
(memberOf:1.2.840.113556.1.4.1941:=cn=wahariri,ou=makundi,dc=mfano,dc=test)
```

Kundi la msingi la mtu, ambalo kwa kawaida ni Domain Users, halimo kabisa kwenye memberOf, kwa hiyo usilitumie kama sharti la kuingia. Na programu inayovuta orodha nzima bila kurasa itakomea kwenye watu 1000 kwa Active Directory yenye mpangilio wa kawaida, au 500 kwa OpenLDAP. Watakaobaki nje hawatakuwa na kosa lolote la kwao.

Programu ikisubiri sekunde nyingi kisha ikakata, huenda inafuata rufaa (maelekezo ya kwenda kuuliza seva nyingine) ambazo Active Directory hurudisha unapotafuta kuanzia juu kabisa ya kikoa. Zima ufuataji huo, au tumia poti 3269, ukikumbuka kwamba orodha ya jumla haina sifa zote za mtu.

Akaunti inayofungwa tena dakika chache baada ya kufunguliwa ina nywila ya zamani mahali fulani: simu, kazi ya ratiba, programu iliyokumbuka. Logi ya saraka itakupa anwani ya anayejaribu. Mfuate huyo kabla ya kuifungua akaunti tena.

Jaribio la mwisho lifanye kwenye kila programu, hata isiyo na malalamiko. Andika jina la Asha, nywila iache tupu. RFC 4513 inaeleza kwamba DN yenye nywila tupu ni ombi la kuingia bila utambulisho, na saraka inayoliruhusu hujibu kwamba limefaulu. Programu isiyokagua uwanja mtupu husoma jibu hilo kama uthibitisho wa nywila na kumfungulia mtu yeyote akaunti ya mtu yeyote. Ukifanikiwa kuingia namna hiyo, izime programu kwanza, ndipo umtafute aliyeiandika.